Daftari, Kadi, Mchoro au Makosa Yako? Kuchagua Aina ya Noti Unapoulenga Udaktari

Daftari langu la kemia la kidato cha nne liliazimwa hadi na darasa la jirani. Biro za rangi nne, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula, michoro imepakwa rangi. Nilifanyia mtihani Nakuru, shule ya kutwa, na karatasi ya pili ya kemia iliponifikisha kwenye ioni za zinki niliuona ukurasa wangu waziwazi: upande wa kushoto, juu, wino wa kijani. Maneno yaliyoandikwa kwa huo wino wa kijani sikuyaona.

Leo mimi ni muuguzi Kisumu. Kazi naipenda, ila udaktari ulinipita, na lile daftari naliwekea lawama yake. Jioni nisipokuwa zamu, watoto wa majirani hapa Manyatta huja na vitabu vyao, na kila mwaka swali ni lile lile: "Anti, noti niandike vipi?" Mmoja kashauriwa kadi na kaka yake aliye chuoni, mwingine kaona ramani za rangi kwenye simu, wa tatu kauziwa bunda la fotokopi stejini. Nimeziweka hapa njia tano ninazoziona zikitumika, nikazipima kwa mizani moja, ili kila mtu achukue inayolingana na maisha yake.

Mlango wenyewe ukoje

Kenya haina mtihani maalumu wa kuingilia udaktari. India wana NEET, ambako mtahiniwa huchagua jibu moja kati ya manne. Sisi mlango wetu ni KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, inapanga watu kwa pointi za klasta, yaani za kundi la masomo linalotazamwa kwa kozi hiyo, ambazo kilele chake ni 48. Kwa udaktari hutazamwa bayolojia, kemia, hisabati au fizikia, pamoja na lugha. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni C+, lakini anayetaka kiti Moi kule Eldoret, Maseno, Egerton pale Nakuru au Masinde Muliro Kakamega ajue anashindana na wenye A na A-. Kwa hiyo hesabu ni ya alama moja moja, wala si ya kufaulu na kufeli.

Angalia pia umbo la mtihani. Bayolojia ina karatasi tatu: ya 1 ina alama 80 za maswali mafupi, ya 2 ina alama 80, nusu yake maswali ya mpangilio, na nusu nyingine ina swali la lazima la data na insha moja ya alama 20, ya 3 ni ya vitendo, alama 40. Kemia nayo ni 80, 80 na 40. Hakuna mahali utakapowekewa majibu manne uchague. Kila kitu unakitoa kichwani na kukiandika kwa mkono wako, kwa Kiingereza, saa inakimbia.

Hapo ndipo noti za NEET, ambazo wengi huzipakua kwa sababu ni za bure na zina picha nzuri, huwapoteza vijana wetu kidogo. Maelezo yake ni sahihi. Ila ziliandaliwa kwa mtu atakayelitambua jibu akiliona. Wewe unatakiwa ulizae.

Mizani nitakayotumia

Kwanza kabisa, je, noti hii inakuuliza au inakuonyesha tu? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaonyesha jinsi tunavyosahau haraka siku za mwanzo, kisha polepole. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu kumi za kusomea. Zilizopata daraja la juu ni mbili: kujijaribu, na kutawanya marudio katika siku nyingi. Kupigia mistari, kusoma tena na kufupisha maandishi zilipewa daraja la chini. Nilipolisoma hilo nilizikumbuka biro zangu nne.

Pili, inakula muda gani kutengeneza? Tatu, inafaa karatasi ipi? Nne, inawezekana mahali unaposomea: bwenini bila simu, nyumbani ambako stima hupotea, au mezani ambapo wadogo zako pia wanataka kuandikia? Tano, huharibikia wapi? Maana kila njia ina jinsi yake ya kumfanya mtu ajione anasoma ilhali hasomi.

Daftari la safu mbili

Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ndiye aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1950. Chora mstari wima uache safu nyembamba kushoto na pana kulia, kisha uache mistari mitano hivi chini. Darasani unaandika kulia. Jioni hiyo hiyo, wakati wa prepu, unatunga maswali upande wa kushoto ambayo majibu yake yako kulia, na chini unaandika sentensi mbili tatu za kiini cha somo. Ukirudia, unafunika kulia kwa kitabu na kujibu.

Inakuuliza? Ndiyo, ikiwa utafunika. Wengi hawafuniki.

Muda wake ni mdogo kuliko wa njia nyingine zote za kujiandikia mwenyewe, kwa sababu noti za darasani ungeziandika hata hivyo. Unaongeza dakika kumi na tano za maswali. Inafaa karatasi zote za nadharia, hasa maswali ya mpangilio ya karatasi ya 2, yanayoanza na kutaja na kuishia na kueleza sababu. Mahali si tatizo. Daftari la jalada gumu, rula na biro, basi. Hata bweni lenye msako kila Ijumaa halitakunyang'anya.

Inaharibikia kwenye safu ya kushoto. Mtu anaandika "Figo" anadhani ameandika swali. Figo si swali. "Kwa nini mshipa unaoingia glomerulasi ni mpana kuliko unaotoka?" hilo ni swali, na atakayelijibu ameshika shinikizo la damu, uchujaji na mwanzo wa mkojo kwa pigo moja. Ugonjwa wa pili naujua vizuri: urembo. Ukianza kuibadilisha rangi ya wino, jiulize unamwandikia nani.

Inamfaa anayehudhuria darasa kila siku, mwenye mwalimu anayefundisha kwa mpangilio, na aliye na mwaka mzima au zaidi mbele yake. Mwanzoni mwa silabasi ndio wakati wake hasa.

Kadi

Nunua karatasi ya manila, kata vipande vya ukubwa wa kiganja, swali mbele na jibu nyuma. Funga kwa raba. Kuna mpangilio wa visanduku uliobuniwa na mwandishi Sebastian Leitner katika miaka ya 1970: kadi zote huanza sanduku la kwanza, ukiijibu kadi sawasawa inapanda sanduku, ukikosea inarudi la kwanza, hata ikiwa ilishafika la nne. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila siku mbili tatu, la tatu kila wiki, na kuendelea. Sanduku laweza kuwa la viatu. Huku kwetu nimeona bahasha tano zilizobandikwa ukutani, na kwa mvulana mmoja, mifuko ya shati kuukuu aliyolitundika mlangoni.

Kwenye simu ipo Anki, programu iliyotoka mwaka 2006, inayokupangia siku ya kuirudia kila kadi. Kwenye Android na kompyuta haina malipo, kwenye iPhone hulipiwa. Ukishaiweka inafanya kazi bila bando.

Inakuuliza? Haifanyi kingine. Kwa kigezo hiki kadi haina mshindani, maana huwezi kuisoma bila kuulizwa, labda uigeuze mapema, na hapo unajiibia mwenyewe.

Muda ndio bei yake. Kadi ishirini nzuri hunitoa dakika arubaini, na silabasi ya kemia peke yake inaweza kukupa mamia ya kadi. Anayeamua kuiweka silabasi nzima kwenye kadi huchoka kabla ya likizo ya Aprili.

Kwa upande wa karatasi, kadi ni mali ya karatasi ya 1 na ya uchanganuzi wa chumvi. Tuchukue hao hao zinki walioniumiza. Ioni za zinki, alumini na risasi zote zinatoa mashapo meupe ukitia hidroksidi ya sodiamu, na zote tatu mashapo hayo huyeyuka ukiizidisha. Ukitia amonia, zote zinatoa meupe tena. Ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na ya risasi hayayeyuki. Kutenganisha hizo mbili unatia iodidi ya potasiamu: risasi inatoa mashapo ya manjano, alumini hakuna kitu. Kijana mmoja aliniuliza, "Anti, sasa si hiyo ni kadi moja ndefu?" Hapana. Ni kadi nne fupi. "Ni ioni ipi kati ya hizi ambayo mashapo yake huyeyuka katika amonia nyingi?" ni moja. "Utatofautishaje alumini na risasi?" ni nyingine. Kadi yenye mistari minane nyuma ni ukurasa wa daftari uliokatwa, na utaipa alama ya kupita ilhali umekumbuka mistari mitano.

Nyuma ya kadi weka pia kishikizo chako cha kumbukumbu, kwa lugha unayoiota. Mimi huwaambia ateri ina A ya kuaga, kwa maana damu inauaga moyo, na vena ina V ya kuvuta, damu inavutwa kurudi. Hakuna kitabu kilichonipa hicho. Kilikuja nikiwa nasubiri tuktuk Kondele.

Mahali: kadi za karatasi zinaingia mfukoni, zinasomeka kwenye foleni ya maji, kwenye matatu ya kwenda Chavakali, na mwanga wa koroboi unazitosha. Anki inahitaji simu ya kwako. Ikiwa simu ni ya mama na anaondoka nayo kwenda sokoni Kibuye alfajiri, mpango wa marudio unavunjika, kwani deni la kadi linalimbikizana, na ukirudi baada ya siku sita unakuta mia mbili zinakungoja. Halafu kipya kinyemi: nimeona watu wakitumia wiki nzima kupamba Anki, kupakua kadi za wanafunzi wa udaktari wa Marekani zenye mambo ya mwaka wa pili chuoni, na kadi moja ya kidato cha tatu hawajaandika.

Kadi inamfaa mwenye vipande vya muda badala ya saa nzima, anayesahau majina, vipimo na rangi, na anayeweza kuvumilia kitu cha dakika ishirini kila siku bila kukosa. Asiyeweza kila siku, aiache. Kadi za kupitiwa Jumamosi peke yake zina faida ndogo.

Mchoro wa ukurasa mmoja

Tony Buzan wa Uingereza ndiye aliyezipa umaarufu ramani za mawazo miaka ya 1970: neno katikati, matawi yenye rangi, picha. Kwa sayansi mimi napendelea mishale kuliko matawi, kwa sababu insha ya bayolojia huuliza nini kinafuata nini. Sukari ikizidi katika damu, kongosho linatoa insulini, ini linaigeuza glukosi kuwa glikojeni, sukari inashuka. Ikipungua mno, glukagoni inatoka na ini linafanya kinyume. Mishale sita, na umepata mifupa ya insha.

Lakini hapa kuna mtego unaomnasa karibu kila mtu. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt waliwagawa wanafunzi: baadhi walichora ramani za dhana huku maandishi yakiwa mbele yao, wengine walisoma, wakafunga, wakaandika wanachokumbuka. Baada ya wiki moja waliofunga na kukumbuka walifanya vizuri zaidi, hata pale jaribio lenyewe lilipokuwa kuchora ramani. Kwa hiyo mchoro unaochorwa kitabu kikiwa wazi ni kunakili kwa duara. Funga kitabu, chora kwa biro nyeusi unachokumbuka, kisha fungua na ujaze mapengo kwa nyekundu. Nyekundu ndiyo ya kusoma kesho. Huo ndio mgawo pekee wa rangi ninaouruhusu sasa.

Inakuuliza? Kwa masharti hayo, ndiyo, na inakuuliza kitu ambacho kadi haiwezi: mpangilio. Mwenye kadi mia za moyo anaweza kuzijibu zote na bado ashindwe kuielezea safari ya damu kutoka vena kava hadi aota bila kuruka valvu.

Muda ni nusu saa kwa mada, pamoja na kurudia. Karatasi yake ni ya 2: insha ya alama 20 na maswali ya kueleza. Kwenye kemia inasaidia mno kwa michoro ya mtiririko, ile ya "unga X ulipashwa moto ukatoa gesi Y", na kwenye kemia ya kaboni, jinsi ya kutoka alkeni hadi alkoholi na kuendelea. Kwa hesabu za moli haina kazi. Moli hufanyiwa mazoezi. Inahitaji meza, au sakafu safi, na utulivu. Kwenye matatu haiwezekani. Inaharibika inapogeuka bango la ukutani. Mchoro uliobandikwa juu ya kitanda kwa miezi mitatu jicho halioni tena, ni kama kalenda ya duka.

Inamfaa anayeelewa vipande lakini hawezi kuviunga, anayepata alama nzuri karatasi ya 1 na kuanguka ya 2. Pia mwenye jicho la picha, mradi afunge kitabu.

Daftari la makosa

Hili halina jina la mzungu wala programu. Unafanya karatasi ya zamani kwa saa yake, unaisahihisha kwa mwongozo, na kila alama uliyopoteza unaipa mistari mitatu: nilichoandika, kilichotakiwa, na sababu iliyonifanya nikose. Mstari wa tatu ndio wenye thamani, na ndio watu huuruka. "Sikujua" ni sababu moja. "Nilijua nikasoma swali vibaya" ni nyingine kabisa, na dawa yake ni tofauti. Hakuna kadi itakayoitibu.

Nikilitazama daftari la namna hii la msichana mmoja aliyerudia mtihani, nusu ya makosa yake hayakuwa ya maarifa. Jina la kisayansi la mmea ameliandika bila kulipigia mstari, na kwa maandishi ya mkono jenasi na spishi hupigiwa mstari kila moja peke yake. Mchoro wa jani hauna ukuzaji. Jedwali la titresheni lina desimali moja safu hii na mbili safu ile. Kaulizwa atofautishe, kaeleza upande mmoja, akauacha mwingine mtahini aukisie. Ukiulizwa tofauti ya mitosisi na meiosisi, kila pointi lazima iwe na miguu miwili: kule seli mbili, huku nne; kule idadi ya kromosomu inabaki, huku inagawanyika nusu. Alama kama hizo ndizo zinazotenganisha B+ na A-, na hakuna noti nzuri duniani ingemwonyesha, kwa kuwa zilikuwa kwenye mkono wake.

Inakuuliza? Karatasi yenyewe ndiyo inayouliza, daftari linakumbusha. Kwa hiyo lirudie kwa kufunika mstari wa pili na kulijibu swali upya baada ya wiki.

Muda: karatasi ya kemia ni saa mbili, kusahihisha saa moja, kuandika makosa nusu saa. Ni mzigo, lakini muda huo ungehitajika kwa mazoezi hata hivyo. Karatasi zote tatu zinafaidika, na kwa ya 3 ni karibu njia pekee ya kuandika noti yenye maana, vitendo havikaririwi. Mahali: unahitaji karatasi za zamani na mwongozo wa kusahihisha unaoaminika, na hapo ndipo wengi hukwama. Miongozo inayozunguka kwa WhatsApp mingine ina majibu ya kubuni. Ukiona mwongozo unapingana na kitabu, muulize mwalimu kabla hujauandika. Inaharibika kwa aliyeanza mapema mno: mada nusu hazijafundishwa, utajaza daftari "sikujua, sikujua" mpaka ukate tamaa.

Inamfaa aliyemaliza silabasi au anayekaribia, na zaidi ya wote anayerudia mtihani.

Noti za kununua na za kuazima

Sizidharau. Shule nyingi za kijijini mwalimu wa kemia ni mmoja kwa vidato vyote, na mada za mwisho hukimbizwa. Noti zilizochapwa vizuri zinaziba pengo hilo kwa siku mbili. Haziulizi kitu. Hazikuli muda wa kuandaa hata dakika, ila pesa. Zinafaa nadharia, hazifai vitendo. Mahali popote zinasomeka, na ndiyo sababu watu huzibeba kila mahali bila kuzifungua. Kasoro yake ni kwamba mtu mwingine ndiye aliyefanya kazi ya kuchagua lipi kubwa na lipi dogo, na kazi hiyo ndiyo kusoma kwenyewe. Ukizinunua, zigeuze: pembeni ya kila aya andika swali kwa penseli, zitakuwa daftari la safu mbili lililoandikwa na mtu mwingine.

Zinamfaa aliyekosa shule kwa karo au ugonjwa, na anayesoma peke yake kama mtahiniwa wa kibinafsi. Aliye na mwalimu mzuri atunze pesa zake.

Neno kuhusu lugha

Hili halimo kwenye mizani lakini linagusa njia zote. Mtihani ni wa Kiingereza, na kichwa cha mtoto wa Kisumu kinafikiri kwa Kijaluo na Kiswahili, cha Kakamega kwa Kiluhya. Mimi nawaambia watumie zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Kuelewa, eleza kwa lugha ya nyumbani: mweleze nyanya yako kwa nini mtu anayetapika na kuhara hupewa maji yenye chumvi na sukari badala ya maji matupu. Ukikwama katikati, hujaielewa, hata kama ufafanuzi wa kitabu unautiririsha. Kujibu, andika kwa Kiingereza, na tahajia ya istilahi uikague herufi kwa herufi. Nimeona kijana anajua yote kuhusu glomerulasi ila neno lenyewe anaandika kila mara kwa namna tofauti.

Basi uchague vipi

Ukiwa bado mwanzoni mwa silabasi, bwenini, huna simu: daftari la safu mbili kwa masomo yote matatu ya sayansi, na kadi kwa yale tu yasiyotaka kuelezwa, kama rangi za mashapo, alama za elementi na vimeng'enya vya mmeng'enyo. Usiharakishe karatasi za zamani.

Ukiwa kidato cha tatu na mitihani ya muhula inakuonyesha bayolojia B na kemia C, tazama kwanza alama zinapotea karatasi ipi. Zikipotea ya 1, tengeneza kadi. Zikipotea ya 2, chora michoro ya kufunga kitabu, mada moja kila jioni mbili. Zikipotea ya 3, acha noti kabisa kwa muda, mwombe mwalimu wa maabara akuruhusu ushike bureti.

Unasoma kutwa, unafika nyumbani saa kumi na mbili, unachota maji na kupikia wadogo, na stima inapotea inavyotaka: kadi za karatasi ndizo zitakazokaa na maisha yako, kumi njiani, kumi ugali ukiiva. Mchoro uweke Jumapili mchana, kukiwa na mwanga.

Una simu yako, mzazi hana pingamizi, na wewe ni mtu wa kutimiza: Anki itakuokolea kazi ya bahasha. Andika kadi zako mwenyewe. Ikipita mwezi mmoja na umekosa siku nyingi kuliko ulizotimiza, rudi kwenye manila bila aibu.

Unarudia mtihani baada ya kukosa pointi chache: usiandike noti mpya hata ukurasa mmoja mwezi wa kwanza. Fanya karatasi tatu za zamani za kila somo, anzisha daftari la makosa, na uache lenyewe likuambie kama unahitaji kadi, michoro au kusoma maswali polepole. Tafuta pia mapema shule itakayokupa maabara, maana vitendo ndivyo mtahiniwa wa kibinafsi huviachia alama nyingi.

Unasita kati ya udaktari na uuguzi au uafisa wa kliniki, na alama zako zinazunguka C+ na B: njia ni zile zile, na kampasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ziko Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. Ila uzito uupeleke kwenye bayolojia na lugha kwanza, halafu kemia.

Na kama mtihani uko wiki tatu mbele na daftari lako ni zuri kama lilivyokuwa langu, usiliandike upya. Chukua penseli, pita kila ukurasa, andika swali moja pembeni, moja tu, lile linalokutisha. Usiku funika ukurasa kwa kanga ya mama, ujibu kwa sauti.